Mji Uliotangatanga Kando ya Nile

Mgeni anayeshuka kwenye basi la Kampala mjini Juba hakosi wa kusemezana naye. Fundi wa jenereta mara nyingi ana lafudhi ya Nairobi, mwenye duka la vitenge ametokea Kongo, na Kiswahili humfikisha mtu popote kati ya stendi na soko la Konyo Konyo. Mambo hugeuka akiketi kwa mama muuza chai. Chini ya mwarobaini pamepangwa viti vifupi vya plastiki. Mbele ya mama kuna jiko la mkaa, birika jeusi kwa masizi, na makopo ya sukari, tangawizi, mdalasini na karkade kavu. Mgeni akiomba maji ya kunywa kabla ya chai, mama humgeukia binti yake na kumwambia alete moyo.

Moyo ndiyo maji, kwa Kiarabu cha Juba.

Mswahili atacheka, au atashtuka kidogo. Mnubi wa Kibera hatacheka wala kushtuka, kwa kuwa nyumbani kwake Nairobi pia maji huitwa moyo. Yeye na mama muuza chai wote husema ana kwa “mimi”, ita kwa “wewe”, itakum kwa “ninyi” na umon kwa “wao”. Wote huweka gi mbele ya kitendo kinachoendelea na bi mbele ya kitakachokuja. Waacheni wawili hao nusu saa, mtakuta wamekwisha kuulizana habari za watoto na bei ya unga bila mkalimani.

Ajabu ni kwamba Mnubi huyo hajawahi kukanyaga Juba, wala baba yake, wala babu yake. Wazee wake waliondoka pande hizi katika karne ya 19, na wakati huo hapakuwa na mji wa Juba. Palikuwa na kijiji tu cha Wabari. Kwa hiyo lugha inayobeba jina la Juba ni kongwe kuliko mji wenyewe, na wanaoizungumza wamekuwa jamii moja tangu kabla hata tofali la kwanza halijapangwa mahali hapo. Kinachoitwa leo mji wa Juba ni kituo cha mwisho cha mji uliokuwa ukihamahama juu na chini ya mto kwa karibu miaka 90, ukibadili jina na mwenyewe kila unapohama.

Chanzo cha yote ni mawe. Mwaka 1839 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alimtuma nahodha wake Salim Kapudan aupande Mto Nile Mweupe kutoka Khartoum kutafuta asili yake. Safari ya pili ndiyo iliyofika mbali. Mapema mwaka 1841, baada ya majuma mengi ya kupenya matete na magugu ya maji ya Sudd, merikebu zilifika nchi ya Wabari, penye Gondokoro, na mbele kidogo zikasimamishwa na miamba na maporomoko. Kutoka hapo hadi bahari ya Mediterania mtu angeweza kwenda kwa chombo sehemu kubwa ya njia. Kutoka hapo kwenda kusini ilikuwa ni miguu. Kila aliyekuja baadaye, awe padri, mwindaji au pasha, alishushwa na mto karibu na pale pale.

Wenyeji waliowakuta walikuwa wafugaji na wakulima wa mtama, wenye wakuu wa mvua walioogopwa na kutegemewa kwa kiasi kile kile. Ardhi ilikuwa na mtu wake pia: monye kak, yaani baba wa ardhi, mzee wa ukoo uliotangulia kukaa mahali, ambaye mgeni alipaswa kumwona kabla ya kujenga au kulima. Neno hili lishikwe vizuri, maana litarudi.

Mmoja wa Wabari walioelewa mapema faida ya wageni ni Nyigilo, mtu wa ukoo wa wakuu wa mvua. Alisafiri hadi Khartoum miaka ya 1840, akawa rafiki wa wafanyabiashara na wamisionari, akashika biashara ya pembe za ndovu mkononi mwake. Mwishoni mwa miaka ya 1850 ukame ulikaza, mvua haikunyesha, na watu wake mwenyewe wakamwua. Wamisionari nao hawakuwa na bahati. Padri Mslovenia Ignacij Knoblehar alianzisha misheni ya Kikatoliki Gondokoro mwanzoni mwa miaka ya 1850, akijenga kwa matofali ya kuchoma na kupanda milimau. Homa iliwamaliza wenzake mmoja baada ya mwingine, na misheni ikafungwa kabla haijatimiza miaka kumi. Samuel Baker, Mwingereza aliyepita hapo, aliandika kwamba Wabari waliyasaga yale matofali mekundu, wakachanganya unga wake na mafuta, wakajipaka mwilini.

Baker huyo huyo alikuwako Gondokoro Februari 1863 alipotokea John Hanning Speke kutoka kusini, amechakaa kwa safari ya miaka zaidi ya miwili tangu pwani ya Zanzibar. Vitabu vingi husimulia Waingereza hao wawili walivyopeana mikono. Havisemi sana juu ya watu waliokuwa nyuma ya Speke: Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa mbali, na wapagazi wachache waliobaki naye tangu pwani. Walizungumza Kiswahili. Wale wanaosema leo kwamba Kiswahili kimeletwa Juba juzi na wachuuzi wa Uganda wangefaa kuwakumbuka.

Gondokoro waliyoikuta haikuwa mahali pa kujivunia. Wafanyabiashara wa Khartoum walikuwa wamejaza kingo za mto kwa zeriba, maboma ya miiba walimokusanya pembe za ndovu na watu. Ng'ombe walinyang'anywa kijiji kimoja na kulipwa kijiji kingine badala ya pembe. Vijana waliotekwa walipewa bunduki na kugeuzwa askari wa zeriba hiyo hiyo, wakatumwa kuteka wengine.

Tarehe 26 Mei 1871 Baker alirudi, safari hii akiwa pasha wa Misri mwenye jeshi, akapandisha bendera Gondokoro na kuitangaza nchi kuwa mali ya Khedive Ismail. Mji akaupa jina la Ismailia. Wabari hawakuulizwa. Walipokataa kumwuzia nafaka na ng'ombe, alivichukua kwa nguvu, na vita vikaendelea kwa miezi. Miaka mitatu baadaye akaja Charles Gordon, akaona Gondokoro inaua askari wake kwa homa, akahamishia makao upande wa pili wa mto, Lado, kaskazini kidogo. Ismailia ikabaki jina kwenye ramani. Mji ulikuwa umehama mara ya kwanza.

Tangu mwaka 1878 Lado ikawa chini ya daktari mmoja wa Kijerumani, Eduard Schnitzer, aliyejiita Emin. Alikuwa na macho mabovu, akikusanya ndege na wadudu, akiandika kumbukumbu kila siku. Ila mtu wa kuangaliwa Lado si Emin Pasha, ambaye amekwisha kuandikiwa vitabu vya kutosha. Wa kuangaliwa ni askari wake.

Jeshi la Misri katika Ekwatoria, kama jimbo hilo lilivyoitwa, lilikuwa na maofisa kutoka Misri na Sudan ya kaskazini, lakini safu zilijaa Wamakaraka, Wamundu, Wadinka, Wabari, Wamoru, Walugbara na wengine, wengi wao waliochukuliwa wakiwa watoto. Hawakuwa na lugha moja. Waliyoipata ni ile ya amri za gwaride na mabishano ya posho, Kiarabu kilichokatwa mikia ya sarufi ili kila mmoja akimudu. Wakaoa wanawake wa huko walikopelekwa, wakavaa kanzu, wakasilimu. Watoto wao wakazaliwa kambini na kukua wakisema lugha hiyo kwa mama na kwa baba. Nje ya kila boma kulikuwa na mtaa wa familia, wastaafu, mafundi na watumwa waliotoroka. Mtaa huo uliitwa malakia, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uraia, kwa kuutofautisha na kambi ya askari. Malakia haikuwa ya kabila lolote. Ukiingia humo uliacha kabila lako mlangoni, au angalau wengine walikuhesabu hivyo.

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza Mahdi, na Januari 1885 Khartoum ikaanguka mikononi mwake. Emin akawa amekatika na dunia. Akaihama Lado, akasogea kusini hadi Wadelai, katika Uganda ya leo, na malakia ikafungasha vyombo ikamfuata. Henry Morton Stanley alikuja kumwokoa kupitia Kongo, akamfikisha Bagamoyo Desemba 1889. Usiku wa karamu ya kumpokea, Emin, kwa macho yake yale, akaanguka kutoka ghorofani na kuvunjika vibaya. Askari wake wengi hawakwenda Bagamoyo. Walibaki na ofisa wao Salim Bey huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, wakilima mtama na kusubiri serikali ambayo haikuwapo tena.

Huko ndiko Frederick Lugard alikowakuta mwaka 1891. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilihitaji askari, naye akawaandikisha. Wanajeshi walikuwa mia kadhaa, lakini msafara ulioshuka Uganda ulikuwa wa maelfu, maana malakia nzima ilikuja: wake, watoto, watumishi, kuku na majungu. Kutoka hapo wametawanyika Bombo, Kibos, Eldama Ravine na Kibera. Waingereza waliwaita Wasudani, kisha Wanubi. Mwaka 1897 waliasi Uganda kwa sababu ya malipo madogo na safari zisizokwisha, wakapigwa, na waliobaki wakaingizwa katika jeshi lililokuja kuitwa King's African Rifles. Kibera yenyewe ni neno lao, kibra, msitu. Walikaa humo zaidi ya karne bila hati hadi Juni 2017, serikali ya Kenya ilipowakabidhi hati ya pamoja ya ekari 288.

Turudi mtoni. Wafuasi wa Mahdi walikuwa wameishika Rejaf, penye kilima kilichochongoka kama chungu kilichofunikwa, kusini kidogo ya Juba ya leo. Februari 1897 jeshi la Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, likiongozwa na Louis Chaltin, liliwafukuza. Leopold alikuwa amekodishiwa na Waingereza ukingo wote wa magharibi, nchi iliyoitwa Lado, kwa muda wa uhai wake tu. Alipokufa Desemba 1909, mkataba ukafa naye, na mwaka 1910 eneo likarudishwa Sudan. Katika pengo hilo, sheria zikiwa zimelegea, wawindaji wa kizungu waliingia kwa fujo na kuua tembo bila hesabu.

Waingereza, waliokuwa wakiitawala Sudan wakati huo, walikuwa na makao yao Mongalla, ukingo wa mashariki, kama kilomita 45 kaskazini ya Juba. Mwaka 1917 askari wa kaskazini waliondolewa Mongalla na mahali pao pakachukuliwa na kikosi kipya cha Ekwatoria, cha watu wa kusini. Wakaanza tena mambo yale yale ya Lado: vijana wa makabila mengi, amri, posho, wake, na malakia nje ya boma. Maofisa wa Kiingereza nao walijifunza lugha ile kwa kiasi cha kuagiza chai na kutoa adhabu. Wenzao wa kaskazini waliicheka, wakiiita Kiarabu cha Bimbashi.

Watawala hawakuipenda hata kidogo. Aprili 1928 walikutanisha wamisionari na wataalamu wa lugha pale Rejaf, wakachagua lugha za kufundishia shuleni, Kidinka, Kibari, Kinuer, Kilotuko, Kishilluk na Kizande. Januari 1930 Harold MacMichael, katibu mkuu wa serikali mjini Khartoum, alitoa waraka wa siasa ya kusini: Uarabu na Uislamu uzuiwe, majina na mavazi ya Kiarabu yaachwe, Kiingereza kitumike pale lugha za wenyeji zisipofaa. Lugha ya malakia haikuwa ya Waarabu, haikuwa ya kabila, haikuwa na kitabu wala padri wa kuitetea. Kwa hesabu za waraka ilistahili kufa. Polisi aliyepeleka waraka huo wilayani, karani aliyeupokea na mpishi wa bwana mkubwa waliendelea kusemezana kwayo.

Wakati huo huo serikali ilikuwa ikijenga makao mapya. Mongalla ilikuwa na mbu wengi na bandari mbaya. Ukingo wa magharibi, kaskazini ya Rejaf, palikuwa na ardhi iliyoinuka, maji ya kina, na njia ya kwenda Kongo na Uganda. Palikuwa pia na kijiji kilichoitwa “Juba na Bari”, na shule ya misheni ya Kianglikana iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kijiji kikaambiwa kihame. Kufikia mwaka 1927 ujenzi ulikuwa umepamba moto. Mwaka 1929 wafanyabiashara wa Rejaf walihamishiwa hapo. Mwaka 1930 ofisi ya gavana ikatoka Mongalla. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa ni mwenyeji aliyeshikishwa jembe lake na kuonyeshwa njia.

Mji ulipangwa kwa daraja. Maofisa walikaa kando ya mto penye upepo na miembe. Wafanyabiashara wa Kigiriki, ambao baadhi walikuwa wamefika eneo hilo tangu mwaka 1922 wakihudumia jeshi la Waingereza, walipewa katikati. Majengo yao ya mawe yenye varanda bado yamesimama, mengine yakiwa benki, moja likiwa mkahawa. Wachuuzi wa kaskazini, jalaba, wakapata mtaa wao, na hadi leo unaitwa Hai Jalaba. Hai kwa Juba ni mtaa tu, mgeni asidhani anaulizwa kama angali hai. Na kando, karibu na soko, wastaafu wa jeshi na watu wao wakapimiwa viwanja. Mtaa ukaitwa Malakia. Hapakuwa na haja ya kutafuta jina jingine.

Kwa miaka kadhaa Juba ilikuwa mahali pa kubadilishia usafiri. Stima zilitia nanga zikitoka kaskazini na barua, bia na chumvi. Abiria waliolala Juba Hotel, iliyojengwa miaka ya 1930, walipanda gari asubuhi kwenda Nimule au Aba, Kongo. Ndege za Imperial Airways zilizounganisha Misri na Afrika Mashariki zilitua hapo zikielekea Ziwa Viktoria. Sensa ya katikati ya miaka ya 1950 ilikuta mji wenye watu kama elfu kumi, ambao leo ni pungufu ya watu wa kata moja ya Dar es Salaam.

Katika mji huo mdogo ndimo ulimofanyika mkutano wa tarehe 12 na 13 Juni 1947, James Robertson akiwa mwenyekiti, kujadili kama kusini iungane na kaskazini. Chifu Lolik Lado alitoa hoja inayoeleweka kokote mahari inapolipwa: binti akiposwa huomba muda wa kuuliza habari za kijana kabla ya kukubali. Muda haukutolewa. Agosti 1955 askari wa kikosi cha Ekwatoria waliasi Torit, na vita vikaanza. Usiku wa Julai 1965 wanajeshi wa serikali waliingia mitaa ya nyumba za nyasi mjini Juba, wakachoma na kuua. Waliokufa hutajwa kuwa zaidi ya elfu moja. Wagiriki wakaanza kuondoka, na serikali ya Jaafar Nimeiri ilipotaifisha benki na biashara mwaka 1970, wengi wa waliobaki wakafunga maduka.

Amani ya Addis Ababa ya mwaka 1972 iliifanya Juba makao makuu ya kusini, na mwaka uliofuata sensa ikahesabu watu karibu 57,000. Mnamo Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wenzao wa Uganda yalipoingia Kampala na Idi Amin akakimbia, Wanubi na watu wengi wa West Nile walivuka mpaka kuja Sudan kuepuka kisasi. Baadhi wakafika Juba. Hebu fikiria sura ya mzee wa Malakia akisikiliza mkimbizi kutoka Bombo akiomba mahali pa kulala, kwa lugha ya nyumbani kabisa, yenye maneno machache ya Kiganda na Kiswahili juu yake. Wajukuu wa msafara wa Lugard walikuwa wamerudi kando ya mto walikotoka, bila vyeo na bila kujua wapi palikuwa Lado.

Vita vya pili, kuanzia mwaka 1983, viliifanya Juba ngome ya serikali iliyozingirwa na wapiganaji wa kusini wa SPLA. Barabara zilitegwa mabomu, chakula kikaja kwa ndege, na mashamba yalikuwa umbali ambao mtu aliweza kukimbia kurudi. Baada ya mashambulizi ya Juni na Julai 1992, watu walikamatwa mjini kwa shuku na wengi hawakuonekana tena. Lakini waliokimbilia humo kutoka vijiji vya kila kabila walihitaji kusikilizana foleni ya maji. Kilichokuwa Kiarabu cha malakia kikawa Kiarabu cha mji mzima, na watoto wengi wa Kibari, Kimundari na Kikuku wa miaka hiyo walikikuta mdomoni kabla ya lugha ya bibi zao.

Mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005 ulifungua milango. Mwaka uliofuata benki ya Kenya, KCB, ilikuwa imekwisha kufungua tawi. Vijana waliokulia kambi za wakimbizi za Kakuma na Uganda walirudi na Kiswahili. Waeritrea na Waethiopia wakashika hoteli na magari ya kuuza maji. Wadarfur wakajaza maduka ya Konyo Konyo. Malori ya Uganda yakaleta kila kitu kuanzia unga hadi misumari, hasa lami ya kilomita 192 hadi Nimule ilipokamilika mwaka 2012. Sudan Kusini ilipojitawala tarehe 9 Julai 2011, katiba yake ilitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuzitambua lugha zote za asili. Kiarabu kikaachwa. Spika alipotaka kueleweka mtaani, na mwanajeshi alipotaka kununua sigara, ikarudi lugha ile ile. Serikali tatu kwa zamu, ya MacMichael, ya Khartoum na ya Juba huru, zimeidharau kila moja kwa sababu yake: ya kwanza iliona ni Kiarabu mno, ya pili ikaona si Kiarabu cha kutosha, na ya tatu haikutaka Kiarabu chochote. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna taasisi nyingine mjini humo iliyowaunganisha watu wengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi.

Lugha hiyo haikuzuia damu, na si haki kuidai hivyo. Desemba 2013 mapigano yalianzia Juba, na watu walitafutwa nyumba kwa nyumba kwa kabila lao. Maelfu walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa. Julai 2016, miezi mitatu baada ya nchi kutia saini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, risasi zilirudi. Jeshi la Uganda lilituma msafara kwa barabara ya Nimule kuwatoa wafanyabiashara wao, likiuita Okoa Wananchi. Wengi wa waliookolewa walirudi kabla mwaka haujaisha, kwa sababu nyanya za Uganda bado zilikuwa na mnunuzi Juba.

Mgeni akimaliza chai anaweza kutembea hadi Malakia kwa miguu. Ataona msikiti, nyumba za mabati zilizobanana, na mwanamke akimimina uji wa mtama juu ya bamba la moto ili apate kisra nyembamba kama karatasi. Akiuliza wazee wametoka wapi, atajibiwa kwa majina ya makabila sita au saba katika familia moja, na pengine kwa jina la jamaa aliye Bombo. Upande wa mto, ng'ambo, Gondokoro ni kisiwa na mashamba. Lado hakuna cha kuona.

Na Wabari? Mji umewafunika. Tangu mwaka 2005 ugomvi wa viwanja umekuwa mkubwa kuliko kesi nyingine nyingi mjini, kati ya wenye nguvu waliojimilikisha ardhi wakati wa vita na koo zinazosema monye kak hakuulizwa. Serikali kuu ilipotaka ardhi zaidi ya kupanulia mji, mvutano na wenyeji ukakaza. Septemba 2011, miezi miwili tu baada ya uhuru, Baraza la Mawaziri liliamua kwamba makao makuu yahamishiwe Ramciel, nyika iliyo katikati ya nchi, kama kilomita 250 kaskazini. Hadi leo wizara zote zingali Juba.